Nembo ya Mpelelezi wa Bunda

Kwa maoni ya Chrispin Nyamhanga, mchoraji mkubwa kuliko wote kati ya Tarime na Lamadi alikuwa Chrispin Nyamhanga. Maoni ya watu wengine hakuwahi kuyatafuta. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, nyumba ya vyumba vitatu pale Kitaji, mke mshonaji aitwaye Flora, na kalamu ya kuchovya yenye nibu ya chuma aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Kazi zake zilionekana mji mzima wa Musoma: majina ubavuni mwa mitumbwi, mitindo ya nywele kwenye saluni, na simba mmoja kwenye ukuta wa bucha ambaye watoto walimwita mbuzi.

Siku moja ya mwezi wa tatu akapigiwa simu na mwanamke asiyemfahamu.

"Wewe ndiye Mwalimu Chrispin wa nembo?"

Hakuwa mwalimu. Aliwahi kufundisha kuchora kwa muhula mmoja, akimshikia nafasi mwalimu aliyekuwa likizo ya uzazi. Lakini cheo hicho hakukikataa hata mara moja.

"Ndiye mimi, mama."

"Naitwa Marcelina Burito. Nimestaafu upolisi, nilikuwaga upande wa upelelezi. Sasa nimefungua ofisi yangu hapa Bunda, ya upelelezi binafsi. Nataka nembo. Steshenari zote nilizopita wananitolea kile kioo cha kukuzia cha kwenye kompyuta. Kilekile kipo kwenye duka la miwani, kipo na kwa fundi saa. Nataka kitu cha mkono, cha wino."

"Umefika, mama."

"Kitu kimoja tu. Ofisi sijaitangaza. Wateja wangu ni watu wasiotaka kujulikana. Naomba hili libaki kati yangu na wewe."

"Mama, mimi ni kaburi," alisema Chrispin, na wakati anasema alimaanisha kabisa.

Alimwambia Flora, kwa sababu mke hahesabiki kuwa mtu mwingine. Alimwambia Onesmo kinyozi, kwa sababu mtu akishikiwa wembe shingoni hawezi kukaa kimya bila kuonekana ana hofu. Aliwaambia wenzake wa kwaya, kwa sababu walimwuliza kwa nini amechelewa mazoezi. Ilipofika Jumamosi nusu ya Kitaji walikuwa wanajua, na nusu iliyobaki walikuwa wameshaambiwa kwamba ni siri.

Wiki nzima alichora. Alichora jicho, likaonekana kama sato aliyekaa juani. Alichora nyayo, akachora tochi, akachora mbwa ananusa. Alichora mwanamume mwenye kofia na koti refu, kola imesimama hadi masikioni. Siku ya mwisho, akiwa bafuni na sabuni usoni, likamjia wazo lililomfanya acheke peke yake mpaka Flora akagonga mlango kuuliza kama anaumwa. Wazo lenyewe lilikuwa hili: bundi. Bundi wa Bunda.

Akachora bundi kwa siku mbili, unyoya mmoja mmoja, akafunga safari.

Ofisi ya Marcelina ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu. Mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mpana, amevaa kitenge, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa na tabia ya kukaa ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho nyuma ya ukuta. Alipokea michoro akaiweka mezani mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa yule mwenye koti.

"Huyu hasikii joto?"

"Ni mpelelezi, afande. Anajificha."

"Hapa Bunda? Akipita sokoni hivi, watu ndio watakaomfuata yeye."

Akaweka chini. Akamshika bundi.

"Bundi wa Bunda," alisema Chrispin, akangoja.

Marcelina alimtazama bundi, kisha akamtazama Chrispin. "Mwalimu, watu watanijia na kuku mweusi."

Chrispin hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amezaliwa Mara, amekulia Mara, bibi yake alikuwa akiwatimua bundi kwa kijinga cha moto, na kwa siku mbili nzima za unyoya mmoja mmoja halikumpitia kichwani.

"Umeingia kwa mlango ule sasa hivi," Marcelina aliendelea. "Hapo nje ulimkuta nani?"

"Watu."

"Wangapi?"

"Wa kutosha."

"Kuna mama amekaa kwenye gunia la mbegu. Umempita kama unapita nguzo. Nimemsikia akimwambia mwenye duka kwamba wewe ni mume wa Flora, na yeye ndiye shangazi yake Flora, na aliwapa godoro mlipofunga ndoa."

Godoro lenyewe walikuwa bado wanalilalia.

"Halafu kuna la pili," Marcelina alisema, bila kupandisha sauti. "Jumatatu nimepigiwa simu na kinyozi wa Musoma, anaitwa Onesmo. Anataka nimfuatilie mke wake. Jumanne nimepigiwa na mke wa Onesmo. Anataka nimfuatilie Onesmo."

"Basi tumepata wateja wawili," Chrispin alijaribu.

"Na nimempoteza wa tatu. Amesema hawezi kuleta mambo yake kwa mpelelezi anayejulikana na kwaya nzima."

Chrispin alianza kukusanya karatasi zake, akaanza na bundi. Alikuwa amefika kwenye tochi Marcelina alipomwambia akae.

"Mkono wako ni mzuri. Shida ni kwamba unachora vitu ulivyosikia vipo. Nembo iache kwanza. Kesho naenda Butiama kwa wazee fulani wanaomtafuta kijana wao, na hawana picha yake hata moja. Unaweza kuchora sura ya mtu kwa kuelezwa tu?"

"Naweza," alisema Chrispin, ambaye hakuwahi kufanya hivyo maishani.

Nyumbani kwa Mzee Stanislausi kulikuwa mbele kidogo ya Butiama mjini, kwenye mteremko wa mawe makubwa, shamba la mihogo upande mmoja na zizi upande wa pili. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na zizi. Aliitikia shikamoo zao, akarudi kwenye ukimya wake. Aliyezungumza ni mke wake, Mama Nyangi.

Kijana wao anaitwa Ryoba. Miaka kumi na mmoja iliyopita alikuwa na miaka kumi na tisa, anachunga ng'ombe wa baba yake. Siku moja usingizi ukamchukua malishoni. Alipoamka ng'ombe sita hawapo. Akarudi nyumbani, baba yake akamwambia aende akawatafute, na asipowapata asirudi. Akaenda.

"Ng'ombe walirudi wenyewe," alisema Mama Nyangi. "Siku ya tatu, jioni, wote sita, mpaka zizini. Mtoto hakurudi."

Mzee Stanislausi alikuwa anatazama zizi. Chrispin alifungua kichupa cha wino kwa shughuli kubwa kuliko ilivyohitajika, ili naye awe na mahali pa kutazama.

"Tuanze na macho, mama. Yalikuwaje?"

"Mazuri."

"Makubwa? Madogo?"

"Ya kawaida. Ya mtu mzuri."

"Na pua?"

"Pua ya kwetu."

Chrispin alichora. Mama Nyangi alipoonyeshwa alisema huyu ni katekista wao. Akachora tena, akatoka aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Wa tatu hakufahamika na mtu yeyote. Wa nne Mama Nyangi alimtazama kwa muda, akamtazama na Chrispin, akasema kwa upole kwamba huyu ni wewe, baba. Na kweli alikuwa Chrispin, Chrispin wa miaka ishirini, mzuri wa uso kuliko Chrispin alivyowahi kuwa siku yoyote.

Muda wote huo Marcelina hakuitazama karatasi hata mara moja. Alikaa na kichwa chake kimeinama upande, akiwasikiliza wote wawili, yule anayeongea na yule asiyeongea. Kisha akageuka.

"Mzee, na wewe ulikuwa unamwonaje?"

Mzee Stanislausi alikaa kimya kwa muda ambao Chrispin angeujaza kwa maneno mia mbili.

"Kwa nyuma," alisema. "Yeye anatangulia na ng'ombe, mimi nafuata. Nimemwona kwa nyuma tangu akiwa mdogo. Sikio lake la kulia limekunjika hapa juu. Limelala, kama jani lililochomwa na jua. Alizaliwa nalo."

"Nilisahau," Mama Nyangi alisema taratibu.

Chrispin alichukua karatasi mpya. Safari hii hakuwa na sura kichwani ya kuanzia, kwa hiyo alilazimika kufuata maneno. Uso aliuacha mwepesi, mistari michache tu, akatumia wino wake wote kwenye sikio. Mzee aliipokea karatasi, akaweka kidole kwenye ule mkunjo, akakiacha pale.

"Ndilo," alisema.

Kulikuwa na fununu moja: mwaka juzi jirani yao alidai kumwona mtu kama Ryoba akipakua magunia ya dagaa kwenye mwalo wa Mwigobero, pale Musoma mitumbwi inaposhusha samaki. Kwa hiyo kesho yake Marcelina na Chrispin walikuwa Mwigobero, kati ya mitumbwi na wanawake wa dagaa. Marcelina alimsalimia mama mmoja aitwaye Recho, akanunua fungu la dagaa, akauliza habari za watoto na bei za chumvi, na baada ya hapo tu akamwambia Chrispin atoe karatasi.

Recho aliitazama akiwa ameishikia mbali na mikono yake yenye magamba. "Huyu simjui."

Chrispin alisogea aichukue karatasi yake.

"Sikio ndilo nalijua," Recho aliendelea. "Hili ni sikio la Mugeta wa Rukuba. Ila la Mugeta ni la kulia. Wewe umekunja la kushoto."

"Nimekunja la kulia, mama. Si hili hapa, kulia?"

"Kulia kwa karatasi. Huyu mtu si anatuangalia sisi? Kulia kwake si huku?"

Chrispin alinyoosha mkono wake wa kulia, akautazama, akautazama uso wa kwenye karatasi, akanyoosha na wa kushoto. Wanawake watatu waliacha kupembua dagaa ili wamwangalie. Mmoja aliishika karatasi akaigeuza nyuma, akaielekeza kwenye jua, na wino ukapenya: sikio likawa mahali pake. "Sasa ndiye," alisema, na wakarudi kwenye kazi zao.

Huyo Mugeta, Recho alisema, anaishi kisiwani Rukuba, mtu mpole, haongeagi sana. Anakujaga na boti Jumanne na Ijumaa.

Chrispin alitaka wakodi boti siku hiyohiyo, ingawa alikuwa mtu wa Musoma asiyejua kuogelea na alishukuru kimoyomoyo Marcelina alipokataa.

"Kisiwani tutambana," alisema. "Mtu aliyekimbia lazima abaki na njia ya kuondoka. Tutamngoja hapahapa Ijumaa. Na wewe Mwalimu utakaa, hutafanya kitu chochote."

Ijumaa boti la Rukuba lilifika saa nne asubuhi. Mwanamume mrefu alishuka na gunia begani, na sikio lake la kulia lilikuwa limelala kama mzee alivyosema. Marcelina alikuwa upande wa pili wa mwalo, anazungumza na Recho. Chrispin aliona kwamba yeye ndiye aliye karibu zaidi, akaona kwamba nafasi kama hii haiji mara mbili, akasahau alichoambiwa. Akaanza kumfuata. Alijificha nyuma ya mtumbwi, kisha nyuma ya mizani, kisha nyuma ya turubai la dagaa, akitembea kwa kunyata hivi kwamba mbuzi wawili wakaanza kumfuata yeye. Alipochungulia tena, yule mtu alikuwa amesimama mbele yake.

"Mzee, unanifuata kwa nini?"

Chrispin alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu abatizwe hakikutoka kitu. Akanyoosha karatasi.

Yule mtu aliitazama. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye sikio. Chrispin aliona miguu yake ikigeuka kuelekea kwenye boti, na huenda angeondoka kabisa kama Marcelina asingekuwa amefika, anatembea polepole, mikono ameiweka mbele ionekane.

"Ryoba," alisema. "Simtumikii mtu wa kukukamata. Wazazi wako wamenituma nijue kama unaishi. Na kuna neno moja ambalo nadhani hukuambiwa. Ng'ombe walirudi."

"Ng'ombe gani?"

"Wale sita. Walirudi wenyewe siku ya tatu."

Ryoba alikaa kwenye gunia lake. Alikaa kama mtu aliyekatwa kamba. Watu walikuwa wanapita na ndoo na makreti, wakimkwepa.

"Wote?"

"Wote."

"Nilifika mpaka Serengeti," alisema. "Nililala porini wiki mbili. Nikaona sina uso wa kurudi nao." Akatazama ziwani. "Mzee yupo?"

"Yupo."

"Anasemaje?"

"Hakusema mengi. Yeye ndiye aliyelikumbuka sikio lako. Mama alikuwa amesahau."

Ryoba alifunika uso kwa viganja. Chrispin, ambaye machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, aliwageukia wale mbuzi.

Baadaye Ryoba alisema atakwenda, lakini apewe muda. Alikuwa na mke kule kisiwani na watoto wawili, ambao walimjua kwa jina la Mugeta, na kabla ya yote alitakiwa kuzungumza nao. Aliomba wazazi waambiwe tu kwamba yupo hai. Mahali wasiambiwe. "Nataka niende mwenyewe," alisema. "Nisifike kama mtu aliyeletwa."

"Ni haki yako," alisema Marcelina. Kisha akamtazama Chrispin kwa muda mrefu.

"Kaburi," alisema Chrispin, na safari hii neno hilo lilimtisha.

Zilipita siku tisa. Siku ya pili Mzee Stanislausi mwenyewe alimpigia Chrispin simu. Alikuwa ameomba namba kwa mtu, na bila shaka alikuwa ameshaambiwa katika wale wawili yupi ndiye mwenye mdomo mwepesi.

"Mwalimu. Mama huyu ameniambia kijana yupo hai. Yupo wapi?"

Jina la kisiwa lilikuwa tayari kwenye ulimi. Chrispin aliliona pale, herufi sita tu. Akalimeza.

"Mzee wangu, mimi nachora tu. Hayo mengine ni ya afande."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Afande amekwambia ukweli, mzee."

Simu ikakatwa. Chrispin alikaa na aibu kama mtu aliyemwibia mzee kuku. Alipokwenda kwa Onesmo alinyolewa tangu mwanzo hadi mwisho bila kusema neno, na Onesmo, kwa wasiwasi, akamwuliza Flora ni nani amefariki. Kwaya walimwombea. Flora alimshika paji la uso kuona kama ana homa, akamwambia kwamba kama ni mwanamke mwingine, amwambie tu. Chrispin akasema hakuna mwanamke mwingine, kuna kazi, na akainama juu ya karatasi yake. Kwa kuwa mdomo ulikuwa umefungwa, mkono ulipata nafasi.

Jumapili ya pili Mama Nyangi alipiga simu Bunda, na Marcelina akampigia Chrispin kumwambia. Ryoba alifika mchana, na mke wake na watoto wote. Mzee alikuwa anatoa ng'ombe zizini kuwapeleka majini. Hawakukumbatiana, wala mzee hakutamka jina. Alimpa fimbo, akamwambia atangulie. Mama Nyangi alisema alibaki mlangoni na wajukuu asiowajua, akiwatazama wale wawili wakishuka bondeni nyuma ya ng'ombe, na kwamba mzee alikuwa anatembea kwa shida kwa sababu kila mara alikuwa anajifuta uso.

Wiki hiyohiyo Chrispin alipeleka karatasi moja tu Bunda. Nje ya ofisi alisimama, akamwamkia kila mtu aliyekuwepo, akiwemo mwanafunzi mmoja ambaye alishangaa sana kupewa shikamoo na mtu mzima.

Marcelina alivaa miwani yake. Kwenye karatasi kulikuwa na sikio, basi. Sikio la mwanamke aliyeinamisha kichwa, shavu kwa mstari mmoja, kamba ya miwani ikipita nyuma na kushuka.

"Hili ni langu," alisema.

"Ndiyo, afande."

"Umelionaje, na wakati wote ulikuwa umeinama kwenye karatasi?"

"Pale Butiama, ulipokuwa unamngoja mzee aseme. Nilikuwa nimeshashindwa kuchora wanne, sikuwa na kingine cha kufanya."

"La upande gani?"

"La kushoto. Kushoto kwako," alisema Chrispin. "Nimelihakikisha kwenye kioo, halafu nikamsimamisha Flora, halafu nikarudia kwenye kioo."

Marcelina hakucheka, lakini alilitazama sikio kwa muda mrefu, akasema lichongwe kwenye muhuri na lichorwe kwenye kibao cha mlangoni. Aliuliza kama chini yake kuandikwe maneno. Chrispin, akiwa amerudiwa na sauti yake ya zamani, alimweleza kwamba nembo iliyokamilika haihitaji maneno, inajieleza yenyewe.

Kibao kilitundikwa Alhamisi. Kufikia Jumatano iliyofuata Marcelina alikuwa amepokea mzee mmoja aliyetaka atolewe nta masikioni, akina mama wawili waliotaka watoto wao watobolewe masikio, na mfanyabiashara wa hereni aliyeomba kona ya kuwekea kabati. Wote aliwasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ndivyo alivyo, kisha akampigia Mwalimu wake simu.

Chrispin alikuja na ngazi na rangi nyeusi. Alipanda, akaandika chini ya sikio kwa herufi nzuri, zenye vimo sawa, maneno UPELELEZI BINAFSI. Alishuka akarudi nyuma hatua tano kuifurahia kazi yake. Yule mwanafunzi wa shikamoo alikuwa amesimama hapo, anasoma kwa sauti, kwa adabu, na aliposoma mara ya pili na ya tatu Chrispin akasikia alichokuwa amekiandika. Kulikuwa na LE tatu badala ya mbili.

Akachukua kopo la rangi nyeupe, akapanda tena, akafuta, akaanza upya huku akitamka kila herufi kwa sauti. Wenye duka la mbegu walitoka nje kumsaidia kuhesabu.